Betri ya Bi Pazia

Mgonjwa ndiye aliyemtoa Bi Pazia chumbani, na mgonjwa hakasirikiwi. Huo ndio uliokuwa uchungu wenyewe. Mama mkwe wa mdogo wake aliletwa asubuhi, amelazwa kiti cha nyuma cha gari, pumzi zinamkatika kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Kabla jua halijapanda vizuri, kitanda cha Bi Pazia kilikuwa kimetandikwa shuka nyingine, na chupa za dawa zimepangwa juu ya meza aliyokuwa akikatia vitambaa.

"Ni kwa muda tu, dada," mdogo wake alimwambia ukumbini, sauti ya chini.

Bi Pazia aliijua "muda tu". Yeye mwenyewe aliingia nyumba ile kwa muda tu, jengo alilokuwa amepanga lilipovunjwa kupisha barabara. Alikuja na vyerehani viwili na sanduku moja la nguo, akaambiwa ajisikie nyumbani, na kweli alijisikia. Alishona mapazia ya nyumba nzima, kisha ya majirani, kisha ya jirani za majirani, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Hata watoto wa ndugu yake, waliotakiwa kumwita shangazi, ulimi ukiteleza walimwita Bi Pazia.

Mdogo wake alikuwa karani wa bima ya magari, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Yeye peke yake duniani ndiye aliyebaki akimwita dada, na yeye dada peke yake ndiye aliyebaki akimwita Kitinda, maana ndiye aliyekuwa kitindamimba wa mama yao. Mama alifariki Kitinda hajajua kufunga kamba za viatu. Dada mtu akaacha shule, akajifunza cherehani, akamvalisha, akamlisha, akamsomesha. Hilo hakulitamka hata siku moja. Lakini hakulisahau pia, na Kitinda alijua kwamba hakulisahau, na pengine ndiyo sababu alipozungumza naye alipenda kutazama pembeni.

"Nitalala wapi?" aliuliza.

"Nimefikiria lile trela la baba."

Baba yao alikuwa nyapara wa ujenzi wa barabara. Maisha yake yote alihama na kambi, na kampuni ilimpa trela la kulala, nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, inayofungwa nyuma ya lori na kukokotwa kazi inakokwenda. Alipostaafu akaruhusiwa kuondoka nalo. Sasa lilikuwa nyuma ya nyumba ya Kitinda, matairi yamelala chini, rangi imebabuka, limejaa viti vibovu na magodoro yaliyokojolewa na watoto.

Bi Pazia alilisafisha kwa mikono yake. Alitoa viti, akatoa viota vya panya, akasugua sakafu mpaka maji yakatoka meupe. Chini ya uchafu kulikuwa na nyumba kweli: benchi linalokunjuka kuwa kitanda, meza ya kuning'inia ukutani, sinki dogo lenye pampu, feni, na taa tatu darini. Alibonyeza swichi ya taa ya kwanza. Haikuwaka. Akabonyeza ya pili na ya tatu, ingawa alishajua.

Wakati wa chakula alimwomba mdogo wake amvutie waya kutoka nyumbani.

"Waya utavuka uwanja, watoto watanaswa," Kitinda alisema.

"Na mzigo wa umeme umeshazidi," mkewe akaongeza. "Wifi, unaona mwenyewe. Friji, pasi, sasa na feni ya mama haizimwi usiku na mchana. Juzi tu soketi imenuka moshi."

Hakuwa mwanamke mbaya, wifi yake. Alikuwa mwanamke aliyechoka, na mama yake alikuwa anaumwa. Bi Pazia akasema sawa, akamaliza chakula chake, akaenda kulala na tochi ya simu.

Giza la ndani ya trela lilikuwa giza la kwenye kopo. Jua likizama tu, basi. Hakuna kushona, hakuna kusoma, na ukiinuka unajigonga. Alilivumilia kwa muda. Kisha jioni moja aliketi mlangoni akitazama madirisha ya nyumba yanavyowaka, akasikia televisheni na vicheko, akajiuliza maswali ambayo mtu hapaswi kujiuliza akiwa peke yake. Kesho yake akaenda kwa fundi betri.

Fundi huyo alikuwa na kibanda pembeni mwa gereji, na alijulikana kwa jina la Cheche. Nyusi yake moja iliungua zamani na haikuota tena, hivyo daima alionekana kama mtu asiyesadiki unachomwambia. Alimsikiliza Bi Pazia, akaja, akazunguka trela, akafungua kisanduku kilichokuwa mbele penye mkono wa kukokotea.

"Mama, hii betri imekufa zamani, ilisahaulika tu kuzikwa," alisema. Ilikuwa imevimba tumbo, vichwa vyake vimeota unga wa kijani. "Lakini umeme wa trela si mgumu. Ni betri moja, volti kumi na mbili kama za gari. Waya wa chanya unapita kwenye fyuzi, unaingia ndani kwenye taa. Waya wa hasi unafungwa kwenye chuma cha trela lenyewe. Basi, hakuna uchawi."

"Sasa kama hakuna uchawi, nifundishe. Sitaki kila taa ikizima nikufuate."

Cheche alicheka, lakini alimfundisha. Alimwonyesha namna ya kukwangua chuma kwa msasa mpaka king'ae ndipo afunge waya wa hasi, kwa sababu umeme haupiti kwenye kutu. Alimwonyesha kutumia kile kipimo chenye sindano mbili, nyekundu na nyeusi. Na alimwonyesha fyuzi, kijidude cha plastiki chenye uzi mwembamba wa madini ndani.

"Huu uzi kazi yake ni kufa," alisema. "Nyaya zikigusana mahali pabaya, uzi unakatika, umeme unasimama. Kuna watu wakiishiwa fyuzi wanachomeka msumari. Msumari haufi. Waya ndio unapata moto, na wewe umelala."

Betri aliyomletea ilikuwa ya gari, ya mitumba, na aliisifia kama mtu anayeoza binti. Taa moja iliwaka. Bi Pazia alipiga makofi peke yake kama mwendawazimu. Lakini haikumaliza wiki. Kila jioni mwanga ulizidi kuwa wa njano, halafu mwekundu, halafu hakuna, na betri ikichajiwa haishiki tena.

"Kosa langu," Cheche alikiri, akikuna ile sehemu isiyo na nyusi. "Betri ya gari imezoea kutoa nguvu nyingi mara moja, gari liwake, kisha ipumzike. Ukiinyonya kidogo kidogo mpaka ikauke, unaiua. Ungetaka ya sola, ile nzito."

"Hukulijua hilo tangu mwanzo?"

"Nilijua. Nilidhani hutakaa humo muda mrefu."

Lile neno lilimchoma kuliko kufa kwa betri. Alirudi nyumbani, akavitazama vyerehani vyake viwili, kile kipya na kile cha zamani chenye kichwa cheusi alichokinunua yeye wakati Kitinda yuko darasa la kwanza. Kile cha zamani kilikuwa hakishoni mapazia mazito tena. Akakibeba kwa toroli hadi kwa Cheche, na mke wa Cheche, aliyekuwa akitafuta cherehani siku nyingi, akakipokea kama mtoto. Bi Pazia akarudi na betri ya sola, na paneli ndogo iliyopasuka kona moja, na kile kijisanduku kinachozuia chaji isizidi. Njiani toroli lilikuwa zito kuliko wakati wa kwenda, lakini hakupumzika hata mara moja.

Aliifunga mwenyewe. Betri aliiweka kwenye sanduku la mbao alilolitoboa matundu ili mvuke utoke. Fyuzi aliiweka karibu kabisa na kichwa cha chanya. Nyaya zilizotafunwa na panya alizikata, akaziunga, akazifunga utepe. Taa ya kwanza ikawaka, nyeupe safi. Ya pili ikawaka. Lakini alipounganisha laini ya tatu, ile ya feni na pampu na taa ya kitandani, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine. Nayo ikakatika. Fyuzi zote alizopewa zikaisha, naye akakaa sakafuni mikono imeloa mafuta, akamlaani panya, akamlaani nyapara wa barabara, Mungu amrehemu, aliyeacha trela badala ya nyumba.

Ndivyo Kitinda alivyomkuta Jumamosi hiyo. Alikuwa amekuja kumletea chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Dada, unafanya nini huku chini?"

"Natafuta waya unaogusa chuma. Laini hii inaua fyuzi zote."

Kitinda aliweka kikombe, akaenda dukani, akarudi na pakiti nzima ya fyuzi. Akavua shati lake jeupe, akalitundika mlangoni, akapiga magoti. Wakaanza kufuata waya pamoja, yeye akivuta upande mmoja, dada akisikiliza upande wa pili ukikwaruza nyuma ya bati. Ulipita chini ya benchi, ukapanda nyuma ya kabati la juu, na hapo ukagoma.

Kitinda alichungulia kwa tochi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nini?"

"Skrubu! Kuna skrubu ndefu imepita katikati ya waya. Dada, unalikumbuka hili kabati? Ni mimi niliyeuning'inia mlango wake nikaung'oa, wakati ule wa likizo tulipomfuata baba kambini. Baba akaurudishia kwa skrubu ya kwanza aliyoiona."

"Akakuchapa."

"Hakunichapa. Ulisema ni wewe uliyeung'oa."

Bi Pazia alikuwa amesahau. Walicheka wote wawili, wakabanana mle ndani, magoti yao yakigongana, na kwa saa nzima hakukuwa na karani wala mshonaji; walikuwa watoto wa nyapara kambini, vumbi la lami nje, na baba anachelewa kurudi. Waliing'oa ile skrubu, wakauziba waya, wakaweka fyuzi mpya. Kitinda ndiye aliyebonyeza swichi. Feni ikazunguka. Pampu ikakoroma, ikatema hewa, ikatema maji yenye kutu, kisha maji safi yakaingia sinki.

"Ee bwana," Kitinda alisema taratibu. Alizima, akawasha tena. "Sikujua kwamba kitu hiki kinaweza kuishi."

Alimshika dada yake begani kabla ya kuondoka. Siku ile Bi Pazia aliona kwamba yaliyopita yamepita.

Na maisha yakawa mazuri kweli. Wifi yake alianza kuwatuma watoto wakasomee kwake jioni, kwa vile umeme wa mtaa ukikatika trela peke yake ndilo lililobaki linang'aa. Alishona mapazia ya trela, ya rangi ya majani, na cherehani chake kilichobaki akakiweka mezani chini ya taa. Asubuhi alitoka na kitambaa kufuta vumbi kwenye paneli. Majirani wakija na vipimo vya madirisha yao aliwaonyesha betri kabla hawajauliza.

Kwa hiyo Kitinda alipokuja na mgeni, mwanamume mnene mwenye duka la mabomba, Bi Pazia hakuona ajabu.

"Dada, huyu rafiki yangu anapenda sana mambo haya ya matrela. Mwonyeshe kazi yako."

Akamwonyesha. Jamani, alivyomwonyesha! Alifungua sanduku la betri, akamweleza kwa nini ina matundu. Alimwambia usiache ishuke kupita nusu. Aliwasha taa moja moja, akawasha feni, akamnawisha mgeni mikono kwa maji ya pampu. Alimwinulia benchi aone likigeuka kitanda. Mgeni aliuliza kama mvua inavuja, akamwambia alishaziba mwenyewe kwa lami. Akauliza usiku wa baridi ukoje. Akamwambia mapazia yanashika joto, ukiyafunga unalala kama mfalme.

"Umenifurahisha, mama," mgeni alisema. "Nimeridhika kabisa."

Bi Pazia alidhani anasifiwa.

Wifi yake ndiye aliyemwambia, bila kukusudia. Walikuwa wakianika nguo.

"Wifi, utaanza lini kuhamisha vitu vyako? Wale wanakuja Jumapili na matairi."

"Wale nani?"

Wifi alisimama, shuka mbichi mikononi, maji yanamdondokea miguuni. Uso wake ulieleza yote kabla ya mdomo. "Hajakuambia?" alisema. "Aliniambia mmeshazungumza. Wallahi, wifi, aliniambia mmezungumza."

Bi Pazia alimsaidia kuanika ile shuka, kila mmoja kona zake, wakainyoosha vizuri isije ikakauka na mikunjo. Kisha akaenda kumsubiri mdogo wake langoni.

Kitinda alimwona kwa mbali na miguu ikapunguza mwendo. Alipofika alitazama ukuta.

"Umeliuza," dada alisema.

"Dada, tuingie ndani."

"Hapa panatosha. Umeliuza?"

"Mama mkwe anahitaji mashine ya hewa. Daktari amesema bila hiyo mwezi huu hamalizi. Nimegonga kila mlango. Kazini wamenikatalia. Ulitaka nifanye nini, nimwache afe chumbani kwako?"

Chumbani kwako. Mgonjwa tena. Hata hasira ya Bi Pazia ilikuwa imepokonywa mahali pa kusimama.

"Ukaniletea mnunuzi nimwonyeshe."

"Wewe ndiye unayelijua."

"Ukanifanya dalali wa kitanda changu mwenyewe, Kitinda. Nikamnawisha mikono."

"Nilijua nikikuambia utakasirika, utamwonyesha vibaya." Alisema hivyo kwa kuchoka, kama anayeeleza jambo la ofisini. "Kabla hujaweka betri hakuna aliyelitaka hata kwa chuma chakavu. Nilishauliza."

"Lini?"

Kitinda alishika komeo la lango.

"Uliuliza lini, Kitinda? Kabla ya Jumamosi ile, au baada?"

"Dada..."

"Sawa. Usinijibu." Alivuta pumzi. "Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza, ungesema ndiyo?"

Bi Pazia alimtazama mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, sasa mvi zimemwingia juu ya masikio. "Ningesema ndiyo," alisema. "Ungenikalisha chini ukaniambia mama wa watu anakufa, ningelifuta vumbi mwenyewe, ningelisukuma mpaka barabarani. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa na ndiyo yangu bure, ukaona bora kuiiba."

Kitinda akapita langoni.

Siku zilizobaki Bi Pazia hakugombana na mtu. Alikunja nguo, akashusha mapazia ya rangi ya majani, akafunga cherehani kwa kamba. Ndani walimtengea godoro ukumbini. Alishukuru, hakuenda kulilalia. Wifi alimletea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, akaiacha mlangoni.

Alfajiri ya Jumapili Bi Pazia alifungua sanduku la betri. Alikuwa amewaza kuibeba. Ilikuwa yake, alitoa cherehani kwa ajili yake. Lakini akiichukua, watasema ana kijicho, mnunuzi atanuna, Kitinda ataomba radhi kwa niaba ya dada mwenye roho mbaya, na mambo yataisha kwa betri nyingine. Hilo lilikuwa dogo mno. Aliing'oa fyuzi akaitia mfukoni. Alichukua msumari mnene kwenye kopo la vifaa, akauchomeka pale pale, ukakaa barabara. Kisha akapanda ndani, akaikaza tena ile skrubu ya baba katika tundu lake, nyuma ya kabati, mpaka alipohisi imegusa ngozi ya waya. Bado haikuwa imepenya. Mtikisiko wa barabara ungeimalizia kazi.

Akafunga sanduku, akanawa, akaketi juu ya furushi lake. Alikuwa ametulia. Jambo hilo lilimshangaza.

Mnunuzi alifika na pikapu na vijana wa gereji. Walijaza matairi mapya upepo, wakapachika ndoano. Kitinda alikuwa akizunguka zunguka, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Mwenye duka la mabomba akamjia Bi Pazia, uso mkunjufu.

"Mama, nikushukuru tena. Bila wewe nisingelinunua."

"Utalifanyia nini?" Bi Pazia aliuliza. Hakutaka kujua, lilimtoka tu.

"Ni la mama yangu. Nyumbani tumejaa, watoto wamekua, wanataka vyumba. Tutamwegeshea pale nyuma, karibu na ukuta. Mama anapenda utulivu."

"Amesema mwenyewe?"

"Kusema nini?"

"Kwamba anapenda utulivu."

Mwanamume alicheka, kisha akaona kwamba yeye hacheki. "Wazee mnapenda utulivu," alisema, akaenda kukagua matairi.

Bi Pazia aliinuka. Alisema amesahau kitu ndani, na hakuna aliyemzuia. Aling'oa skrubu kwa kucha na bisibisi, akaziba waya kwa utepe mara mbili, akaziba mara ya tatu. Bisibisi ilimponyoka ikamkwaruza kiganja. Akashuka, akafungua sanduku, akautoa msumari, akairudisha fyuzi kutoka mfukoni mwake. Halafu akafungua waya wa hasi, akaufunga kitambaa usiguse kitu njiani.

"Wewe," alimwita mnunuzi. "Njoo uone. Nimekata umeme kwa ajili ya safari. Ukifika, unarudisha huu mweusi hapa, unakaza kwa spana. Fyuzi ikikatika usiweke msumari. Umenisikia? Usiweke msumari, hata kwa siku moja. Na umwonyeshe mama yako mwenyewe, usimwekee tu ukaondoka. Mfundishe. Hiyo paneli inafutwa vumbi kila asubuhi."

"Nimekusikia, mama."

"Na haya mapazia mpe. Ni ya madirisha hayo, hayafai kwingine."

Trela liliondoka likiyumba, likagonga nguzo ya lango kidogo, likachukua kipande cha plasta. Pale lilipokuwa palibaki mistatili miwili ya udongo mkavu yalipolala matairi, na majongoo wakikimbia mwanga.

"Dada," Kitinda alisema nyuma yake. "Twende ndani unywe chai."

Alinyanyua furushi. Cherehani alikipakia kwenye toroli la Cheche, aliyekuwa amefika kimya kimya na kusimama nje ya lango, kwa kuwa habari mtaani hazihitaji gari. Mwenzake Bi Pazia wa kushona zamani alikuwa na chumba cha stoo nyuma ya duka lake, kisicho na dirisha, na alimwambia anaweza kukaa. Hakumwambia ni kwa muda gani, na Bi Pazia alimpendea hilo.

Mashine ya hewa ilinunuliwa. Mama mkwe aliishi nayo kipindi kifupi, akafariki asubuhi moja akiwa amekaa, uji mkononi. Bi Pazia alikwenda msibani. Alipika, akaosha masufuria, akakaa na wifi yake wakalia kweli, kwa maana marehemu hakuwa amemkosea mtu. Jioni akafunga kanga yake akarudi stoo.

Kitinda alimfuata baada ya matanga kuisha. Alisimama mlangoni mwa duka, kati ya majora ya vitambaa, shati lake jeupe halijapigwa pasi.

"Chumba kiko wazi, dada," alisema. "Kitanda chako kiko pale pale. Watoto wanakuulizia."

Bi Pazia alikuwa akikunja pindo la pazia refu, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini.

"Wasalimie. Waambie waje hapa, nitawashonea mikoba ya shule."

"Utakaa na hasira mpaka lini?"

"Sina hasira, Kitinda. Nina kazi."

"Nimeshaomba radhi."

"Hujaomba," alisema, bila ukali. "Umesema chumba kiko wazi."

Kitinda alitazama majora, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Lilihitajika neno moja tu, na mlango ulikuwa wazi, na mwenye duka alikuwa ametoka makusudi ili wawe peke yao. Kitinda alinyoosha ncha ya jora lililokuwa karibu. Kisha akasema atapita tena wiki ijayo, akaondoka.

Hakupita. Mtaani watu waliuliza kwa nini dada mtu hakai kwa ndugu yake na nafasi ipo. Wengine wakasema Bi Pazia ana roho ngumu, ameshindwa kusamehe kwa ajili ya bati la kukokotwa. Kitinda aliwasikia, na hakuwakanusha.